Mbabula, tundu la chini na tundu la juu

Miezi ya baridi imefika. Kolwezi yetu iko zaidi ya mita 1,400 juu ya bahari, na usiku wa Juni na Julai watoto hulia kwa baridi. Ndipo mbabula, bukari ikiisha kuiva, inabebwa na kuingizwa chumbani. Mlango unafungwa, na tambara linasukumwa chini yake ili upepo usipite. Leo tunataka kuongea juu ya tambara lile.

Wengi tunasema kwamba makala yakisha kuwa mekundu na moshi ukiisha, hayana ubaya tena. Hapana. Makala mekundu ndiyo yanayotoa kwa wingi gesi isiyo na rangi wala harufu, monoksidi ya kaboni. Gesi hiyo ikiingia mapafuni inakimbilia damu na kukaa mahali pa oksijeni. Inashikamana na damu kwa nguvu zaidi ya mara 200 kuliko oksijeni yenyewe. Mtu aliyelala hakohoi wala haamki, anazidi tu kulala. Asubuhi majirani wakivunja mlango na kukuta nyumba nzima kimya, watu wanaanza kumtafuta mchawi au mtu aliyetia sumu kwenye sombe, na mbabula iko pale katikati ya chumba inatazamwa na wote.

Kabla ya kufika huko, mwili hutoa habari: kichwa kuuma, kizunguzungu, kichefuchefu, miguu kulegea. Mama atasema ni malaria. Angalia mambo mawili. Malaria kwa kawaida huja na homa, na haiangushi watu wote wa nyumba saa ile ile. Mkiumwa kichwa wote pamoja, na mkitoka uani mnapata nafuu, shaka iende kwa moto. Mtoeni mgonjwa nje, fungueni milango, na mpelekeni hospitali, maana anahitaji oksijeni. Msimnyweshe maziwa wala mafuta ya mawese. Sumu hii imepita puani, haiko tumboni, na mtu aliyelegea anaweza kupaliwa na mafuta hayo.

Wanaume wetu wanalijua jambo la hewa kuliko sisi, ila wanalijua wakiwa chini ya ardhi. Kwenye mgodi wa Kamoto mashine kubwa husukuma hewa safi ishuke na kuvuta ile mbovu itoke. Hata wachimbaji wa mikono wa Kasulo huteremsha bomba la plastiki na kupuliza hewa shimoni. Mchimbaji mwenye akili haingii shimo lisilo na hewa, lakini mtu huyo huyo akirudi nyumbani analala na mbabula katika chumba kisichofika mita tatu kwa tatu. Tumecheka kidogo kuhusu jambo hilo kwenye kikao, kisha tukanyamaza.

Basi jikoni tufanye namna gani? Walio na kibanda cha kupikia nje wabaki nacho. Wanaopikia ndani wakumbuke kwamba hewa ya moto hupanda, na ikipanda lazima nyingine iingie chini kushika nafasi yake. Kwa hiyo tundu moja halitoshi. Dirisha moja dogo juu, mlango ukifungwa, ni kama chupa yenye mdomo mmoja: moshi unataka kutoka na hewa inataka kuingia, vyote vinagombania mahali pamoja.

Mwambie masoni atoe tofali moja la bloku karibu na sakafu, upande unakotoka upepo. Wakati wa kiangazi kwetu upepo hutoka zaidi mashariki na kusini-mashariki. Kisha upande wa pili, juu kabisa chini ya bati, aweke matofali mawili au matatu yenye matundu, yale wanayoita klostra. Tundu la juu lisiwe dogo kuliko la chini. Ukiogopa mbu, weka wavu wa waya, lakini uuoshe kila juma, kwa maana masizi huuziba upesi. Vumbi la magari ya migodi nalo tunalijua, wamama wa kando ya barabara kubwa, na ndilo linalotufanya tufunge kila kitu. Afadhali kufuta vumbi kila asubuhi.

Kama uwezo uko, bomba la moshi ni bora zaidi. Juu ya jiko litengenezwe kofia ya bati, na kutoka hapo bomba lenye upana wa sentimita 15 hivi lipande wima na kupita kilele cha paa kwa nusu mita au zaidi. Kona zipunguzwe, kwa maana kila kona inauchosha moshi. Masoni akikuletea bomba la plastiki la maji kwa sababu ni rahisi, mkatalie, litayeyuka. Bomba lisiguse mbao za paa. Na pipa au bomba lililotoka kiwandani lisiingie jikoni: shaba yetu huyeyushwa kwa asidi, na huwezi kujua pipa lile lilibeba nini.

Kazi ikiisha, washa jiko, funga mlango, shika karatasi inayotoa moshi karibu na tundu la chini. Moshi wake ukivutwa kuingia ndani, na ule wa jiko ukitoka juu, hewa inatembea. Ukirudi machoni pako, masoni hajamaliza, na pesa yake ya mwisho ingojee.

Wenye jiko la gesi ya chupa, kwenu kuna tofauti. Gesi ile ni nzito kuliko hewa, ikivuja hulala sakafuni kama maji. Tundu la chini ndilo linaloiondoa. Chupa ikae nje, na mkisikia harufu msiguse hata swichi ya umeme.

Shirika la Afya Duniani lilihesabu kwamba moshi wa majumbani uliua watu milioni 3.2 duniani mwaka 2020, na kati yao zaidi ya 237,000 walikuwa watoto chini ya miaka mitano. Mtoto aliye mgongoni mwa mama anavuta kila anachovuta mama.

Chumbani hatutoi ushauri wa matundu. Hakuna tundu tunaloweza kuwaahidi kwamba linatosha kwa watu waliolala karibu na makala. Mbabula ilale nje, na mvua isipokuwapo haina shida. Jenereta pia, hata barazani hapana. Kwa baridi, ogesheni watoto jua likiwa bado juu, walale wawili wawili, na chupa ya maji ya moto iliyofungwa vizuri na kuzungushiwa kitambaa iwekwe kitandani kabla yao, kisha iondolewe.

Waliopanga nyumba wanatuambia kwamba mwenye nyumba hukataa ukuta usitobolewe. Mwendeeni wamama watatu au wanne pamoja, na masoni akiwapo, mkubaliane kwamba tundu litafungwa vizuri siku mtakapohama. Kikundi kimoja cha Manika kimeanza kulipia kazi hii kwa likelemba, jiko moja kila mwezi, wakianza na wenye watoto wachanga.