Theluji kwa Mtoto Aliyeungua

Mtoto aliyemwagikiwa na uji wa moto haungui mara moja tu. Baada ya zile sekunde chache za jikoni huja siku za kusafishwa kidonda: bandeji inabanduliwa, ngozi iliyokufa inaondolewa, na mtoto anayejua kitakachofuata huanza kulia toroli la vifaa likiwa bado mlangoni.

Saa hizo ndizo zilizomshughulisha Hunter Hoffman, mwanasaikolojia wa Chuo Kikuu cha Washington, Marekani. Mwaka 1996 yeye na mwenzake David Patterson walianza kuwavisha wagonjwa wa moto wa hospitali ya Harborview, mjini Seattle, kofia ya uhalisia pepe, yenye skrini mbele ya macho. Baadaye wakabuni SnowWorld. Humo mgonjwa huelea ndani ya korongo la barafu, mto ukipita chini yake, huku akiwatupia mabonge ya theluji pengwini na mamothi, wale tembo wa kale wenye manyoya. Theluji haikuwekwa kwa urembo. Wagonjwa walikuwa wakieleza kwamba kidonda kinapooshwa huuona tena moto uliowaunguza, na Hoffman alitaka kuwapeleka mbali kabisa na moto huo. Kwa wanaooshwa ndani ya beseni kubwa ilitengenezwa hata kofia inayopitisha picha kwenye nyuzi za kioo, umeme usikaribie maji.

Kwa hoja yake, maumivu hayaumi sawasawa yasipopewa nafasi akilini. Umakini wa mtu ni kama kurunzi: ukimulika barafu, kidonda hubaki kizani. Ndiyo maana mtoto hatakiwi kutazama tu. Alenge, atupe, ageuke. Mwaka 2000, kabla ya theluji, Hoffman na wenzake walieleza habari za vijana wawili walioungua: ndani ya kofia waliumia kidogo kuliko walipocheza mchezo wa video wa Nintendo. Mwaka 2004 watu waliojitolea walitiwa joto kali mguuni, na picha za ubongo zikaonyesha shughuli za maumivu zikipungua kwa zaidi ya nusu walipokuwa ndani ya SnowWorld. Dawa hazikuachwa, kofia ni nyongeza.

Sasa njoo Viwanja Sitini, Ifakara, Tanzania. Mtoto wa hapa huijua sindano mapema: chanjo za wiki ya 6, ya 10 na ya 14, kisha kidole kutobolewa kila homa inapopanda. Bonde la Kilombero limetoa zaidi ya hapo. Watoto wa Idete, kijiji jirani, walichanjwa katika majaribio ya chanjo ya malaria ya SPf66, yaliyochapishwa mwaka 1994 yakionyesha kinga ya asilimia 31. Watoto walioikopesha dunia mikono yao wana haki ya kuwa mbele kwenye foleni ya nafuu.

Nafuu nyingine haina gharama. Tangu 2015 Shirika la Afya Duniani linashauri mtoto apakatwe anapochanjwa, aliye mchanga anyonyeshwe, na sindano inayouma zaidi iwe ya mwisho.

Lakini mwenye miaka 7 na kidonda cha moto? Theluji anaijua kwa picha za Kilimanjaro tu. Pengine korongo lake lingekuwa mto Kilombero, sheshe wakikimbia mbugani na mbega wekundu wa Udzungwa juu ya miti. Nani ataichora mbuga hiyo? Kofia itasafishwaje kati ya mgonjwa na mgonjwa, katika wodi yenye vidonda vilivyo wazi? Na umeme ukikatika bandeji ikiwa nusu imebanduliwa, muuguzi atamwambia nini?