Lugha Huanza Kufa Lini?

Watu wengi hudhani kuwa lugha hufa siku anapofariki msemaji wake wa mwisho. Habari za kisiwa cha Man, kilichoko baharini baina ya Uingereza na Ayalandi, zatuonyesha kuwa sivyo.

Zamani wenyeji wa kisiwa hicho walisema Kimanx, majumbani, mashambani na baharini. Kisha Kiingereza kikaingia pamoja na biashara na shule. Wazazi wakaanza kuwaambia watoto wao kwamba Kimanx hakimpatii mtu hata senti moja. Wao kwa wao walizungumza Kimanx, lakini watoto wakawasemesha Kiingereza. Hesabu ya watu ya mwaka 1901 ilikuta wasemaji 4,419. Ya mwaka 1921 haikufikisha hata elfu moja. Na ya mwaka 1931, mia tano na ushei tu. Si vita wala tauni iliyowamaliza. Wazee walikufa kwa zamu yao, wala hapakuwa na wa kushika nafasi zao.

Wa mwisho katika waliokua na lugha hiyo tangu utotoni alikuwa Mzee Ned Maddrell, mvuvi, aliyezaliwa mwaka 1877. Alilelewa katika kijiji cha Cregneash na bibi mmoja wa ukoo wake asiyejua Kiingereza, na ndiyo sababu akaishika lugha wakati wenziwe walipokuwa wakiiacha. Mwaka 1948 watu wa Ayalandi walileta mashine ya kunasa sauti, wakanasa maneno yake na ya wazee wengine wachache. Vijana nao walimwendea kujifunza, naye akafurahi kuwafundisha. Alifariki tarehe 27 Desemba, 1974, akiwa na umri wa miaka 97.

Lakini mambo hayakuishia hapo. Waliojifunza kwa wazee waliwafundisha wengine, na mwaka 2001 ikafunguliwa shule ya msingi ifundishayo kwa Kimanx. Mwaka 2009 UNESCO ilitoa orodha ya lugha za dunia iliyosema kuwa Kimanx kimekwisha kufa. Watoto wa shule ile wakaandika barua kuuliza: ikiwa lugha yetu imekufa, barua hii tumeiandika kwa lugha gani? UNESCO ikageuza neno lake, ikakiri kuwa lugha ingali hai, ingawa imo hatarini sana.

Hata hivyo, hasara ilikwisha kuwapo. Neno ambalo hakuna aliyemwuliza mzee, wala halikuandikwa, halirudi tena.

Basi lugha huanza kufa siku mzazi anapoacha kumsemesha mtoto wake, nyumba moja baada ya nyingine. Kujifunza lugha ya pili ni jambo jema, wala hakumlazimishi mtu kuitupa ya kwanza. Wanafunzi wenzangu, likizo ikifika, waulizeni babu na bibi majina ya miti, ndege na samaki kwa lugha ya kwenu, mkayaandike daftarini. Nanyi wazazi, tusemesheni. Mwacha asili ni mtumwa.