Chakula Kinachotangulia

Wanangu, leo nawapeleka Bombay, mji ambao siku hizi huitwa Mumbai. Wazee wa Lamu, Mombasa na Unguja waliujua vizuri, kwa kuwa majahazi yalikuwa yakienda na kurudi huko kwa pepo za kusi na kaskazi. Mwaka ni 1928. Mji umejaa viwanda vya nguo, na wanawake maskini wanafanya kazi humo. Wengi wao wakishika mimba huanza kupauka, miguu huvimba, pumzi huwaishia kwa hatua chache tu. Wengine hufa kabla ya kujifungua, wengine mara baada ya kujifungua. Ukitazama damu yao kwenye hadubini, chembe nyekundu ni chache mno, na hizo chache zimekuwa kubwa kupita kiasi.

Katika mwaka huo akaja daktari Mwingereza aitwaye Lucy Wills, aliyezaliwa 1888. Kabla ya udaktari alikuwa amesomea mimea na miamba, na nadhani ndiyo maana alikuwa na jicho la kuangalia mambo polepole. Kazi aliyopewa ilikuwa kutafuta chanzo cha upungufu huo wa damu. Alianza kutafuta vijidudu, kama daktari yeyote wa zama zile angefanya. Hakupata kijidudu cha kulaumiwa. Basi akageukia swali ambalo kwa mama mpishi yeyote lingekuwa la kwanza: hawa wanawake wanakula nini?

Jibu likaanza kujitokeza. Ugonjwa uliwaandama zaidi wale wenye mlo duni, wanaoshiba wali au mkate mweupe, na mboga, matunda na maziwa wakayapata kwa nadra. Lucy akawalisha panya mlo wa namna hiyo, nao wakaugua. Lakini panya wale walikuwa na chawa waliowaambukiza ugonjwa mwingine wa damu, kwa hiyo jibu likachafuka. Hakukata tamaa. Akahamia kwa kima, akawapa mlo uleule, nao wakapungukiwa damu. Akajaribu kuwatibu kwa hiki na kile. Mwisho akampa kima mmoja aliyekuwa hoi rojo jeusi lenye chumvi ambalo Waingereza hupaka kwenye mkate, liitwalo Marmite. Hutengenezwa kwa hamira inayobaki baada ya kupika bia, nalo ni rahisi kununua. Kima akapona. Akawapa wanawake wajawazito waliokuwa wakiugua, na ndani ya siku chache damu mpya ikaanza kuonekana kwenye hadubini. Mwaka 1931 akachapisha matokeo yake katika jarida la madaktari la Uingereza.

Angalieni heshima ya kazi yake: alijua kwamba chakula kile kinaponya, akasema hivyo waziwazi, ingawa hakuwa amejua ndani yake mna nini hasa. Ilichukua miaka kumi zaidi. Mwaka 1941 wataalamu wa Texas, Marekani, walisindika tani nne za spinachi, ndugu yake mchicha wetu, wakapata chembechembe za kitu kilichokuwa kikitafutwa. Leo tunakiita asidi ya foliki.

Kazi ya asidi hiyo naweza kuwaeleza hivi. Ndani ya mifupa yenu mna uboho, na humo chembe za damu zinazaliwa usiku na mchana. Chembe moja hugawanyika ikawa mbili, na kila inapogawanyika lazima kwanza inakili maelekezo yote ya mwili yaliyomo ndani yake. Bila asidi ya foliki kunakili kunakwama. Chembe inavimba, inangoja kugawanyika, haigawanyiki. Ndiyo maana chembe za wale akina mama wa Bombay zilikuwa kubwa na chache. Na kwa nini ugonjwa ulingoja mimba? Kwa sababu wakati huo mama anaongeza damu yake mwenyewe, na mtoto anajenga mwili mzima kutoka chembe moja.

Hapa sasa naomba mnisikilize sana, wasichana na wavulana pia, maana hakuna mvulana asiyekuwa na dada, na wengi wenu mtaoa.

Katika majuma ya kwanza kabisa ya mimba, mgongo na ubongo wa mtoto huanza kama ukanda bapa. Ukanda huo hujikunja, kingo zake mbili zikakutana kama mkeka unaoviringishwa, ukawa mrija. Mrija huo unapaswa kuwa umefungwa wote ifikapo siku ya 28 tangu mimba kutunga. Hesabuni wenyewe: siku hiyo hedhi ya mama imechelewa kama majuma mawili tu. Wanawake wengi hawajajua bado kama wana mimba. Kingo zisipokutana upande wa chini, mtoto huzaliwa na mgongo wazi. Zisipokutana juu kichwani, mara nyingi haishi.

Mwaka 1991 yalitolewa matokeo ya utafiti uliofanywa katika nchi saba, kwa wanawake waliokwisha kupata mtoto wa namna hiyo na waliotaka kuzaa tena. Waliokunywa asidi ya foliki tangu kabla ya kushika mimba walipungukiwa na tatizo hilo kwa asilimia 72. Matokeo yalikuwa wazi kiasi kwamba utafiti ulisimamishwa kabla ya muda wake. Si kila mgongo wazi unatokana na chakula, na ninasema hivi kwa makusudi, kwa sababu nimeona mama akinyooshewa vidole na mawifi kwa jambo lisilo kosa lake. Lakini sehemu kubwa inaweza kuzuilika, na inazuilika kabla ya mimba.

Sasa tazameni desturi yetu. Mama anaanza kliniki mwezi wa nne au wa tano, anapewa vidonge vya kuongeza damu, vile ambavyo wengi huviita fefo, vyenye madini chuma na asidi ya foliki pamoja. Vidonge hivyo ni muhimu kwa damu yake na avimeze bila kukosa. Ila mgongo wa mtoto ulikwisha kufungwa zamani. Kwa hiyo nchi kadhaa zimeamua kuipeleka foliki jikoni, ili imkute kila mwanamke pale alipo. Marekani iliagiza unga uongezewe tangu 1998. Kenya iliweka sheria hiyo kwa unga wa mahindi na wa ngano wa viwandani mwaka 2012, na Tanzania nayo ina kanuni za namna hiyo. Lakini mahindi unayopeleka kwenye mashine ya kusaga ya mtaani hurudi kama yalivyokwenda. Familia nyingi zinakula unga huo, na ni chakula kizuri. Foliki yao basi itoke kwenye mchicha, kisamvu, majani ya maboga, kunde, choroko na maharage. Na jamani, tuache kuichemsha mboga mpaka ikose rangi kisha tukamwaga maji yake! Foliki huyeyuka kwenye maji, na moto mrefu huiharibu. Mboga ya majani ikaangwe kidogo, au mchuzi wake unywewe.

Damu haijengwi kwa foliki peke yake. Inataka madini chuma, na hapa msichana na kaka yake huachana njia. Wataalamu wa Marekani wanapendekeza miligramu 8 kwa siku kwa mtoto wa miaka 9 hadi 13, awe wa kike au wa kiume. Kuanzia miaka 14 mvulana anahitaji 11 na msichana 15. Akiwa mwanamke mtu mzima ni 18, kwa mwanamume ni 8. Akiwa mjamzito ni 27. Sababu kubwa ni hedhi, ambayo kila mwezi huondoka na damu, na mimba ikija mtoto naye huchukua chake.

Halafu nenda kwenye nyumba nyingi wakati wa kupakua. Baba na kaka wanapelekewa minofu; dada aliyepika anakula mwisho, mchuzi na kilichobaki chunguni. Sehemu kadhaa za kwetu mjamzito alikatazwa mayai, akaambiwa mtoto atazaliwa hana nywele. Mimi naheshimu mila za wazee, lakini hii siitetei. Anayehitaji zaidi ndiye anayepewa kidogo, na hilo ni kosa letu sote tunaoketi kwenye jamvi hilo. Dada apakuliwe pamoja na wengine, na maini au dagaa yamfikie. Kama siku hiyo ni maharage tu, kamulieni ndimu au mle chungwa, kwa maana vitamini C husaidia mwili kuchukua madini chuma ya kwenye mimea. Chai nayo isubiri saa moja au mbili baada ya mlo. Ikinywewa pamoja na chakula huyazuia madini hayo yasipenye.

Kuna wasichana wanaojinyima wenyewe, ili wawe wembamba. Nawasihi wasikie habari ya Uholanzi. Katika majira ya baridi ya 1944 na 1945, wakati wa vita, majeshi ya Ujerumani yalizuia chakula, na mgawo wa watu wa mijini ukashuka chini ya kalori 1,000 kwa siku. Wanawake wengi walikoma kupata hedhi. Mwili ukikosa chakula cha kutosha hufunga kwanza mlango wa uzazi, ili moyo na ubongo viendelee. Na hedhi inaposimama kwa njaa, homoni ya estrojeni hupungua na mifupa nayo huanza kudhoofu, hata kwa msichana wa miaka kumi na saba.

Tena chakula cha mwanamke si chake peke yake. Mtoto wa kike anapokuwa bado tumboni, mayai yake yote ya uzazi hutengenezwa humohumo. Maana yake ni kwamba bibi mzaa mama alipokuwa mjamzito, yai lililokuja kuwa wewe lilikuwa tayari ndani ya mama yako, ndani ya tumbo la bibi. Nani basi alikula kwa ajili yako? Ni wawili, mmoja nyuma ya mwingine.

Na huyo bibi sasa hali yake ikoje? Hedhi imekoma, madini chuma anayohitaji yamerudi kuwa miligramu 8, sawa na babu. Kinachomsumbua sasa ni mifupa. Estrojeni ndiyo iliyokuwa ikiilinda, nayo imeshuka, kwa hiyo miaka ya kwanza baada ya hedhi kukoma mifupa hupungua kwa kasi. Akijikwaa uani, nyonga inavunjika. Mifupa anayoitumia aliijenga akiwa na umri wenu: kati ya miaka 9 na 18 mwili unataka kalsiamu miligramu 1,300 kwa siku, kuliko umri mwingine wowote, na msichana akifika miaka 18 sehemu kubwa sana ya mifupa yake imekwisha kujengwa. Kwa hiyo maziwa, mtindi na dagaa wanaoliwa wazima pamoja na miiba yao ni chakula chenu kabla hakijawa cha bibi. Yeye naye bado anahitaji miligramu 1,200, na jua mikononi na miguuni limpe vitamini D, bila hiyo kalsiamu haichukuliwi vizuri. Mkimpakulia dagaa, msimtolee vichwa na miiba mkidhani mnamfanyia hisani. Kama meno yanamsumbua, wachambueni mchanga, muwakaushe vizuri, muwatwange kwenye kinu wawe unga, kisha mnyunyize kwenye mchicha wake ukiwa karibu kuiva.