Ukurasa mtupu una mwenyewe

Mwanafunzi afunguapo ukurasa usio na kitu katika tarakilishi, aghalabu hukuta weupe. Naye hudhani kwamba hilo ndilo umbile la ukurasa, mithili ya karatasi ya daftari lake. La hasha! Kiwambo hakina weupe wa kuzaliwa; kikizimwa huwa cheusi. Weupe ule uliamuliwa na waliounda kivinjari, yaani programu ya kufungulia kurasa za intaneti.

Historia ni shahidi. Kivinjari cha Mosaic, kilichotolewa mwaka wa 1993 katika Chuo Kikuu cha Illinois nchini Marekani, kiliandika maneno meusi juu ya rangi ya kijivu. Netscape Navigator, kilichofuata mwaka wa 1994, kilishika desturi iyo hiyo. Weupe ulitawala baadaye. Hayo si maumbile. Ni uchaguzi wa wanadamu.

Je, jambo hili lamhusu vipi mwalimu? Natutwae mfano. Mwanafunzi atayarisha ukurasa wa chama cha Kiswahili. Aagiza ukurasa uwe mweupe, lakini rangi ya maandishi haitaji, kwa kuwa kivinjari chake huandika kwa weusi bila kuambiwa. Kazi yapendeza. Kisha yafunguliwa na msomaji mwenye uoni hafifu, ambaye amekiagiza kivinjari chake kitumie maandishi meupe juu ya weusi ili apate kusoma kwa nafuu. Weupe wa ukurasa watoka kwa mwanafunzi, weupe wa maandishi watoka kwa msomaji. Insha nzima yatoweka, ilhali hapana hata herufi moja iliyofutwa!

Dawa yake ni nyepesi. Atajaye rangi ya ukurasa na ataje ya maandishi pia. Asiyetaka kutaja zote mbili asitaje hata moja, amwachie msomaji uamuzi wake. Kosa ni kusema nusu na kunyamazia nusu.

Wahenga walinena kuwa kimya kingi kina mshindo mkuu. Enyi walimu, msahihishapo kazi za tarakilishi, msitosheke na yale mwanafunzi aliyoyaandika. Mwulizeni pia: pale uliponyamaza, ni nani aliyekusemea, na amesema nini?