Sahihi ya mke kabla ya akiba kuhama

Juma hili tunazungumzia pesa ambazo wengi wetu hatuzishiki mkononi, lakini zinaweza kuamua uzee wa binti zetu. Katika familia nyingi za kwetu kuna mtoto, dada ao shemeji anayeishi Marekani. Wengine wamepata kazi ya Leta huko: posta, hospitali za wanajeshi wa zamani, ofisi za serikali. Kila mshahara unapotoka, sehemu inakatwa na kuwekwa kwa ajili ya uzee. Kisha siku moja wanaambiwa: "Hamisha akiba yako, uiweke mahali ambapo haitatozwa kodi tena." Neno hilo ni la kweli, lakini halijakamilika. Tulieleze polepole, kama tunavyofanya darasani.

Akiba hiyo ni nini?

Mwaka 1986 bunge la Marekani lilipitisha sheria ya kupanga upya malipo ya uzee ya wafanyakazi wa serikali kuu. Mwaka 1987 ukaanza mfuko unaoitwa Thrift Savings Plan, kwa kifupi TSP. Mfanyakazi anaweka humo sehemu ya mshahara wake. Aliye katika mpango mpya wa FERS anaongezewa na mwajiri: akiweka asilimia 5, serikali nayo inaweka asilimia 5. Asiyeweka kitu anapata asilimia 1 tu. Kwa hiyo, kabla ya kuwaza kuhamisha, binti yetu ahakikishe kwanza kwamba anaweka asilimia 5. Chini ya hapo anajinyima haki yake mwenyewe.

Ndani ya TSP kuna akiba za namna mbili. Ya kwanza ni ya kawaida: pesa inaingia bila kukatwa kodi ya mapato, na kodi inangoja siku ya kuitoa. Ya pili inaitwa Roth, nayo ilianza katika TSP mwaka 2012: kodi inalipwa kwanza, pesa inaingia ikiwa safi, na baadaye inatoka pamoja na faida yake bila kodi. Masharti ni kwamba mwenyewe awe amefikisha miaka 59 na nusu, na miaka 5 iwe imepita tangu aanze. Ni kama wamama wawili sokoni: mmoja analipa kodi ya soko asubuhi kabla ya kupanga nyanya zake, mwingine analipa jioni kwa hesabu ya alichouza.

Nje ya TSP kuna akaunti ya Roth IRA, ambayo mtu anaifungua mwenyewe katika benki ao kampuni ya kutunza akiba. Ilianzishwa kwa sheria ya mwaka 1997, na jina lake linatoka kwa seneta William Roth wa jimbo la Delaware. Hapo ndipo wengi wanataka kupeleka akiba yao ya TSP. Faida ipo. Mwenye akiba ya kawaida analazimishwa kuanza kuitoa akifika miaka 73, ao miaka 75 kama alizaliwa mwaka 1960 na baadaye. Mwenye Roth IRA halazimishwi kutoa kitu maisha yake yote.

Bei ya kwanza: kodi

Akiba ya kawaida ikihamia Roth IRA, kiasi chote kilichohama kinahesabiwa kama mapato ya mwaka ule. Tuchukue mfano. Mama mmoja ana dola 50.000. Akizihamisha zote mara moja na zikaangukia kwenye daraja la asilimia 22, atadaiwa dola 11.000. Akizigawa, dola 10.000 kila mwaka kwa miaka 5, na kila fungu likabaki katika daraja la asilimia 12, atalipa dola 1.200 kwa mwaka, jumla dola 6.000. Akiba ni ile ile, lakini amebakiza dola 5.000 kwa sababu hakuwa na haraka. Wahenga walisema kweli kwamba haraka haraka haina baraka.

Pesa ya kulipa kodi hiyo itoke wapi? Heri itoke pembeni, si ndani ya akiba yenyewe. Asiye na pesa ya pembeni angoje, ao ahamishe kidogo kidogo. Tena mapato yakipanda kwa mwaka mmoja, msaada wa masomo ya watoto chuoni unaweza kupungua, maana unapimwa kwa mapato ya wazazi. Majimbo nayo yanatofautiana: Texas haina kodi ya mapato ya jimbo, Kentucky inayo. Na tangu mwaka 2018, ukishahamisha kwenda Roth huwezi kurudisha nyuma.

Jambo lingine ni njia ya kuhamisha. Pesa iende moja kwa moja kutoka TSP mpaka akaunti mpya. Mwenyewe akiomba alipwe yeye kwanza, TSP inakata asilimia 20 papo hapo kwa ajili ya kodi, na anabaki na siku 60 tu za kuiweka yote. Ile asilimia 20 lazima aitafute kwingine. Akishindwa, na hajafikisha miaka 59 na nusu, anaweza kutozwa adhabu ya asilimia 10 juu ya kodi.

Aliyeacha kazi akiwa na miaka 55 na kuendelea asikimbilie kuhamisha. TSP inamruhusu kutoa pesa bila adhabu hiyo. Akishaipeleka IRA, ruhusa hiyo ya miaka 55 haimfuati. Na gharama za TSP ni ndogo sana, chini ya dola 1 kwa mwaka kwa kila dola 1.000. Anayemshauri kuhama aulizwe wazi: wewe utalipwa kiasi gani?

Bei ya pili: sahihi yako

Sasa tusikilizane vizuri, kwa sababu hili wauzaji wengi hawalitaji. Mfanyakazi wa FERS mwenye ndoa na mwenye zaidi ya dola 3.500 ndani ya TSP hawezi kutoa ao kuhamisha akiba yake baada ya kuacha kazi bila sahihi ya mwenzake. Sheria inamlinda mke, ao mume, ili asije akaamka siku moja na kukuta uzee wao umeondoka.

Akiba ikishaingia IRA, ulinzi huo wa sheria ya serikali kuu unaishia hapo. Mwenye akaunti anaweza kutoa pesa, ao kuandika jina la mrithi mwingine, bila kumuuliza mwenzake. Ni kweli, katika majimbo kama Texas na California, mali iliyopatikana ndani ya ndoa ni ya wote wawili. Lakini kwenda kudai haki mahakamani baada ya pesa kuondoka si sawa na kuombwa sahihi kabla haijaondoka. Kwa hiyo ile sahihi ya siku ya kuhama inaweza kuwa ya mwisho utakayoombwa. Usiiweke kwa sababu tu karatasi imeletwa mezani na kalamu juu yake.

Hatusemi mke akatae. Tunasema aulize kwanza, asome ao asomewe, na waandike pamoja jina la mrithi siku ile ile.

Jina la mrithi nalo lina mambo yake. Mtu akifa, TSP inafuata fomu ya warithi aliyoijaza, si wosia. Kama hakujaza fomu, mke ao mume ndiye wa kwanza, kisha watoto, kisha wazazi. Lakini kijana aliyejaza jina la kaka yake akiwa hajaoa, na hakulibadilisha baada ya ndoa, pesa itakwenda kwa kaka. Tena fomu ya TSP haihami pamoja na pesa: akaunti mpya inadai majina mapya. Mjane aliyeandikwa kwenye Roth IRA anaweza kuifanya yake mwenyewe. Watoto wakubwa kwa kawaida wanapewa miaka 10 kuimaliza.

Sisi wa kwetu tunaijua kanuni hii kutoka likelemba na vikundi vya akiba. Daftari linafunguliwa mbele ya wote, na pesa haitoki kwenye kisanduku bila mashahidi. Mali bila daftari huisha bila habari. Kwa nini pesa ya miaka 20 ya jasho ihame kwa siri, wakati franga za juma moja tunazihesabu watu wakitazama?

Maswali ya kuzungumzia katika kikundi

Mwenye binti ao mtoto wa kiume Marekani katika kazi ya Leta anaweza kumuuliza maswali haya kwa simu:

1. Je, unaweka asilimia 5, na akiba yako ni ya kawaida ao ni Roth?

2. Ukiihamisha, kodi ni kiasi gani, na utailipa kwa pesa gani?

3. Jina la nani limeandikwa kama mrithi, na mwenzako analijua?

4. Kabla ya kuweka sahihi, nani asiyelipwa kwa uhamisho huo amewapigia hesabu?

Tusiogope kuuliza kwa kuwa hatukusomea mambo ya benki. Mama anayejua kugawa unga wa siku 3 kwa watoto 7 anaweza kabisa kuielewa hesabu hii akielezwa. Na binti anayeulizwa na mama yake atamuuliza mume wake, nao watakaa chini kuongea wakiwa bado na nguvu, kabla ya kifo ao ugomvi kuwalazimisha.