Walipoteza mechi 60, hawakuwachosha vijana wao

Mechi inayoanza saa 1 jioni mjini San Antonio, Texas, wakati wa baridi, huku Afrika Mashariki huwa ni saa 10 alfajiri. Kijana anayejifunika shuka na simu mkononi ili amtazame Victor Wembanyama anamwona mchezaji mwenye urefu unaozidi mita 2.2 akizuia mipira na kufunga atakavyo. Asichokiona ni miezi ya vipigo, dakika za kucheza zilizopunguzwa na siku za kukaa benchi kwa makusudi.

Kwa mzazi mwenye mtoto anayependa michezo, hayo yasiyoonekana ndiyo yenye somo.

Kikosi cha vijana watupu

San Antonio Spurs si timu ndogo. Ilitwaa ubingwa wa ligi ya NBA mara 5, kuanzia 1999 hadi 2014. Nyota wake wa zamani walipoondoka, viongozi waliamua kuanza upya na vijana. Msimu wa 2022/23 timu ilishinda mechi 22 tu na kupoteza 60.

Katika ligi hiyo, timu zinazofanya vibaya hupata nafasi kubwa zaidi kwenye droo ya kuchagua wachezaji chipukizi. Juni 2023 Spurs ikamchagua Wembanyama, Mfaransa ambaye baba yake ana asili ya Kongo na alikuwa mrukaji wa riadha, na mama yake alicheza na kufundisha mpira wa kikapu.

Msimu ulipoanza, Wembanyama alikuwa na miaka 19. Jeremy Sochan, Malaki Branham na Blake Wesley walikuwa na miaka 20 kila mmoja. Devin Vassell na Tre Jones walikuwa na 23, na Keldon Johnson, aliyeonekana mkongwe kati yao, 24. Kwa umri, wengi wao wangeweza kuwa bado wanafunzi wa chuo.

Vipigo 18 mfululizo

Kati ya Novemba 5 na Desemba 13, 2023, vijana hao walipoteza mechi 18 mfululizo, rekodi mbaya kuliko zote katika historia ya klabu. Kipigo kilikoma Desemba 15 walipoifunga Los Angeles Lakers pointi 129 kwa 115.

Katikati ya kipindi hicho likatokea jambo ambalo wazazi wanaoshangilia pembeni mwa viwanja vya shule wangelitafakari. Novemba 22 mashabiki wa nyumbani walikuwa wakimzomea Kawhi Leonard, mchezaji wao wa zamani. Kocha Gregg Popovich, aliyekuwa na miaka 74, alichukua kipaza sauti mchezo ukiendelea na kuwataka waache, akisema hawakuwa watu wa namna hiyo. Timu yake ilikuwa inafungwa kila wiki, lakini adabu ya uwanjani hakuiacha.

Majukumu nayo yalibadilika. Sochan alijaribiwa kama mwongoza mashambulizi, nafasi asiyoizoea, kisha kazi hiyo akarudishiwa Jones. Johnson, aliyekuwa mfungaji mkuu msimu uliotangulia, alihamishiwa kundi la wanaoingia kutoka benchi. Kwa kijana, kutoka kwenye kikosi cha kwanza huuma. Ndiyo maana namna mtu mzima anavyoueleza uamuzi huo ni sehemu ya malezi.

Dakika chache, kwa makusudi

Baada ya kuumia kifundo cha mguu mwezi Desemba, Wembanyama aliwekewa kikomo cha dakika, na kwa muda hakuruhusiwa kucheza mechi mbili za siku zinazofuatana. Januari 10, 2024 alicheza dakika 21 tu dhidi ya Detroit, akafunga pointi 16, akadaka mipira 12 iliyogonga ubao na kutoa pasi 10 za mabao. Kupumzishwa hakukumpunguzia kitu.

Msimu ulipoisha, alichaguliwa mchezaji bora chipukizi kwa kura zote. Na timu? Mechi 22 za kushinda, 60 za kupoteza, sawasawa na mwaka uliotangulia. Mzazi anayefungua ripoti ya shule na kutazama nafasi ya darasani pekee angesema hakuna kilichosogea. Msimu uliofuata timu ilishinda 34.

Msimu huo wa 2024/25 Spurs walimleta Chris Paul, karibu miaka 40, acheze na vijana hao, miongoni mwao Stephon Castle, chipukizi ambaye naye alitwaa tuzo ile ile. Mkubwa huyo alicheza mechi zote 82. Vijana walijifunza kwa kumtazama.

Ugonjwa hauchagui umri

Februari 2025 Wembanyama alikutwa na damu iliyoganda kwenye mshipa wa ndani wa bega la kulia. Alikuwa na miaka 21. Hakucheza tena msimu huo, na aliruhusiwa kurejea mwezi Julai. Tatizo la aina hiyo, likiachwa, damu iliyoganda inaweza kusafiri hadi kwenye mapafu na kuua. Mkono au mguu unaovimba ghafla, kuuma na kubadilika rangi ni wa kupelekwa hospitali siku hiyo hiyo. Usichuliwe wala kusubiriwa upoe.

Timu ya kulipwa ina madaktari wake. Mtoto wa shule ana mzazi tu.

Mambo ya kushika nyumbani

Mwongozo wa NBA na shirikisho la mpira wa kikapu la Marekani kwa watoto unashauri mtoto asibanwe kwenye mchezo mmoja kabla ya miaka 14. Madaktari wa watoto wa Marekani nao wanashauri angalau siku moja au mbili za mapumziko kila wiki.

Sababu ni mifupa. Mtoto anayekua ana sehemu laini karibu na ncha za mifupa, na kuruka na kukimbia kila siku huziumiza. Maumivu chini tu ya goti ni ya kawaida kwa watoto wa umri huo na mara nyingi hutulia kwa kupumzika. Lakini mtoto anayechechemea, aliyevimba, anayeamshwa na maumivu usiku au anayehitaji dawa ili acheze, anapaswa kuonwa na daktari.

Usingizi nao ni sehemu ya mazoezi. Mtoto wa miaka 6 hadi 12 anahitaji saa 9 hadi 12, na wa miaka 13 hadi 18 saa 8 hadi 10. Mechi ya alfajiri inaweza kutazamwa marudio yake mchana.

Kuna tofauti moja ya kukumbuka. Timu inayofungwa hufaidika kwa kupata nafasi ya kuchagua chipukizi. Mtoto anayefungwa hapati fidia hiyo. Anachokipata ni uso wa mzazi wake anapotoka uwanjani, na swali la kwanza atakaloulizwa. "Umefunga ngapi?" linaweza kusubiri. "Mguu unaendeleaje?" litangulie.