Hadithi ya Uongo Haijengi Mji

Mchele wa Kilombero unasifika. Lakini ukiuchanganya na mawe ili gunia lijae, mnunuzi atakuja mara moja tu. Mimi ni bwana shamba. Leo nataka tuzungumze juu ya mawe ya namna nyingine.

Tunataka wageni waje Ifakara. Hilo ni jambo jema. Mgeni hulala, hula, na huacha fedha. Tangu daraja la mto Kilombero lifunguliwe mwaka 2018, safari imekuwa rahisi.

Siku moja nilikuwa nikinywa chai na vijana. Mmoja akasema, "Bwana shamba, tutangaze kwamba Wajerumani walizika dhahabu chini ya ule mwembe. Watu watakuja wenyewe." Sote tukacheka. Nilipofika nyumbani sikucheka tena.

Hadithi hiyo ina hatari gani?

Kwanza, inaharibu. Hadithi za mali ya Mjerumani zimeenea nchini. Kwa ajili yake watu wamechimba misingi ya majengo ya kale na kufukua makaburi. Sheria ya Mambo ya Kale ya mwaka 1964 inakataza kuchimba hivyo bila kibali. Je, ukipenda mgeni aje, utapenda afukue kaburi la babu yako?

Pili, uongo hugunduliwa. Huko Tanga watu walisimuliwa kwamba pango la Amboni linafika mpaka Mombasa. Mwaka 1994 wataalamu walipima. Wakakuta pango refu kuliko yote halifiki hata kilometa moja. Mapango yale ni mazuri bila kutiwa chumvi.

Je, sisi hatuna mambo ya kweli?

Tunayo. Tazama misitu ya Udzungwa. Mwaka 1979 wataalamu walikuta huko aina ya nyani ambaye hakuwamo katika vitabu vyao. Lakini watu wa Sanje walikuwa wakimfahamu siku zote. Leo dunia nzima humwita kwa jina la kijiji hicho. Hapohapo yapo maporomoko ya Sanje, yenye urefu wa meta 170 hivi.

Katika mbuga za bonde letu yuko sheshe, swala anayependa nyasi za majimaji. Yuko pia ndege mdogo msuka viota aliyeandikwa na wataalamu mwaka 1990. Ndege huyo haishi mahali pengine duniani ila bondeni kwetu.

Tena ipo Vita vya Maji Maji. Tarehe 30 Agosti 1905 wapiganaji waliishambulia boma ya Mahenge. Walipigwa kwa bunduki za rasharasha, wakafa wengi sana. Watu wale walikuwa babu zetu. Nani anaweza kutunga hadithi nzito kuliko hiyo?

Tufanye nini?

1. Waulize wazee sasa, kabla hawajaondoka.

2. Andika katika daftari jina la mzee, kijiji chake na tarehe.

3. Jambo lisilo na hakika, mwambie mgeni, "Wazee husimulia hivi." Usiseme ni kweli.

4. Usichimbe. Ukiokota kitu cha kale, mpelekee mtendaji wa kijiji.

Ndugu msomaji, mkulima mwema huchagua mbegu kabla ya kupanda. Tuchague maneno vivyo hivyo. Wahenga walisema: njia ya mwongo ni fupi.